Folda Aliyoiruka Taisto

Diski ilianza kugonga siku ya Alhamisi. Saimi Ojala alikuwa ameshuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kuchukua viazi, akasikia tik, tik, kisha kimya, kisha tik nyingine ya uchovu, akajua mara moja. Mtu aliyeishi na kompyuta za mumewe, marehemu Urho, miaka yote ile haambiwi maana ya mlio huo. Alirudisha viazi kapuni, akapanda juu kumpigia simu shemeji yake Taisto. Taisto kwa kawaida hutoa neno moja kwenye simu, na siku hiyo pia alitoa moja tu: "Usiizime."

Waojala ndivyo walivyo. Ukoo mzima umepimiwa maneno tangu babu yao alipotoka Ufini kuja mji wa Hancock kuchimba shaba, na ukipata sentensi tatu mfululizo kwa mmoja wao kabla hajanywa kahawa, ujue kuna msiba. Urho peke yake ndiye aliyetoka mzungumzaji, na labda ndiyo maana aliishia kunasa sauti za wenzake. Kwa miaka mingi alizunguka mjini na vijijini na kinasa sauti chake, akiwaketisha wazee jikoni mwao: wachimba shaba waliobaki na nusu ya mapafu, wanawake waliowahi kupikia wapangaji nyumba nzima, bibi mmoja aliyekumbuka kila ng'ombe aliyepata kumkamua na tabia zake. Sauti hizo zilirushwa redioni Jumapili, katika saa ya Kifini.

Rekodi zenyewe zilikaa kwenye diski ya nje, kisanduku cheusi chenye waya wake wa umeme, na hicho kilikuwa kizima. Iliyokuwa ikigonga ni diski ya ndani, iliyobeba mfumo wa Linux na kila kitu Urho alichoutengenezea mfumo huo kwa mikono yake, kipande kwa kipande, tangu enzi zile kompyuta zilipokuwa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini kilichomuuma Saimi hakikuwa mfumo. Majira ya baridi ya mwisho ya uhai wake, Urho alikuwa ameacha kazi ya redio. Moyo wake ulichoka, daktari alimkataza hata kuondoa theluji mlangoni, naye akawa anashuka chini kila asubuhi baada ya chai, anafunga mlango, anakaa huko mpaka aitwe. Saimi alipomuuliza anafanya nini, alijibu kwamba safari hii anajinasa mwenyewe. "Nakuwekea," alisema. "Mambo yetu. Nikiwa sipo utayakuta." Machi akafa. Baada ya mazishi Saimi alishuka, akafungua diski ya rekodi, akakuta ya mwisho ni ya Novemba, mzee mmoja akieleza namna ya kunoa msumeno. Baada ya hapo, hakuna. Taisto alikuja akatafuta naye wiki nzima, folda kwa folda, mpaka wakakubaliana bila kusemezana kwamba hakuna kitu.

Ilikuwa imepita miaka sita. Mwanzoni Saimi alimkasirikia marehemu, jambo ambalo watu hawalisemi lakini hulifanya sana. Kisha yakaja mawazo mabaya zaidi: kwamba Urho alikuwa akikaa pale chini akiongea na mashine iliyozimwa, kwamba akili ilikuwa imeanza kumtoka na yeye mkewe hakuona. Au kwamba alishuka ili tu asionekane akihema. Hakumwambia mtu. Ila kila alipopita kwenye ngazi zile alijiuliza kama aliahidiwa kweli au alibembelezwa tu kama mtoto, na swali hilo lilimnyima raha kuliko kifo chenyewe.

Taisto alifika Jumamosi saa nane mchana. Kabla ya kugusa chochote alizunguka nyuma ya nyumba kuwasha jiko la sauna, kile kibanda chao cha kuoga kwa mvuke, maana Jumamosi ni Jumamosi, hata kama kompyuta inakata roho. Kisha akashuka chini na mfuko wake, akatoa diski mpya ndogo kama kipande cha sabuni, akatoa bisibisi, akatoa na drili, akavipanga mezani kama daktari wa meno.

"Drili ya nini sasa hivi?" Saimi aliuliza. "Mgonjwa hajafa."

"Atakufa," alisema Taisto.

Drili ilikuwa desturi ya Kundi la Jumanne. Hao walikuwa watu kumi na kitu waliokutana chini ya kanisa la Kilutheri tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, kila mmoja na kompyuta yake kwapani, ili kung'oa mfumo ulionunuliwa na kuweka Linux ya bure. Wengine walikuwa walimu, wengine mafundi wa boti, mmoja mchungaji aliyekuwa akiombea mashine kwa siri. Saimi alikwenda mara ya kwanza kumpelekea Urho miwani. Alikuwa amepiga chapa katika ofisi ya shule maisha yake yote, vidole vyake vikaandika amri kabla wenzake hawajamaliza kuisoma, na toka siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia apike kahawa. Diski ikizeeka, kundi lilihamisha mfumo kwenda diski mpya, likatoboa kuukuu kwa drili, kisha likaifungua na kutundika visahani vyake vinavyong'aa bustanini kutishia ndege wasile rasiberi. Julai ungepita mitaa ile ungejua nyumba za wanakundi kwa mmeremeto.

Taisto alivuta kiti akaketi mbele ya kibodi, kisha akafikiri, akainuka, akamwachia Saimi. Diski ya nje ilikuwa imechomekwa mahali pake. Diski mpya ilikuwa imeandaliwa, tupu, inasubiri.

"Amri ileile?" aliuliza Saimi.

"Ileile."

"Au turuke na folda zenyewe, tuone itakuwaje?"

Taisto hakucheka, ila masikio yake yalipata rangi. Alijua anachokozwa kwa lipi. Unaponakili mfumo mzima namna hii wakati kompyuta inaendelea kufanya kazi, kuna folda chache ambazo vilivyomo haviguswi. Baadhi ni za uongo mtupu: ukizifungua unakuta mafaili tele, lakini diskini hakuna kitu, kompyuta inayatunga yenyewe kila inapowaka, na ukijitia kuyanakili utanakili mpaka Krismasi. Nyingine ni ya takataka za muda. Nyingine, iitwayo mnt, ni ndoano tu: unapochomeka diski ya nje, vitu vyake vinaonekana humo, kwa hiyo unaviacha, kwa kuwa si mali ya diski hii bali ya mgeni. Lakini folda zenyewe lazima ziende, zikiwa tupu, kwa sababu mfumo mpya ukiwaka huzitafuta ili ujaze vitu vyake. Katika mwaka wa kwanza wa kundi Taisto aliruka kila kitu, vilivyomo na folda pia. Mashine mpya ya kanisa ikawaka, ikatafuta, ikakosa, ikakaa inakodoa macho mbele ya mchungaji na waumini. Krismasi ile Urho alimpa mdogo wake sanduku zuri lililofungwa kwa utepe, ndani hamna kitu, na kadi iliyosema kwamba folda tupu nayo ni folda. Akampa jingine mwaka uliofuata, na uliofuata, mpaka Taisto akapata masanduku ya kutosha kuwekea misumari karakana nzima.

Tangu wakati huo hakukosea tena. Aliisoma amri ya Saimi herufi kwa herufi, akiweka kidole chini ya kila folda inayoachwa na kuitikia kwa pua. Alipofika kwenye mnt aliitikia kama kwa nyingine zote. Saimi akabonyeza.

Majina ya mafaili yakaanza kumiminika kwenye skrini. Diski iligonga, ikanyamaza, ikaendelea. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja kwa watu wa kule kunahitaji kahawa. Saimi alileta birika, vikombe viwili na nisu, ule mkate wao wa iliki uliosukwa kama nywele, akaufunika kwa sahani ili usikauke. Wakanywa. Harufu ya iliki ilijaa chumba kile kidogo, na kwa muda ikawa kama zamani, Jumanne yoyote, theluji imeziba dirisha na mtu anasubiri mashine yake ifufuke.

Taisto, ambaye sasa alikuwa na kahawa ndani yake, aliuliza kama Saimi anakumbuka lile somo la sahani. Saimi alilikumbuka sana. Fundi mmoja wa boti alikuja amepauka, akilalamika kwamba picha zake zote zimefutika mara alipochomeka diski ya nje. Urho alichukua sahani yenye kipande cha nisu, akaweka juu yake sahani nyingine tupu, akamsogezea. Akamuuliza anaona nini. Sahani tupu. Na mkate umekwenda wapi? Fundi akatazama sahani, akamtazama Urho, akasema haujaenda popote. Basi, Urho akamwambia, diski uliyochomeka imeketi juu ya folda. Ulichokuwa umekiweka kwenye folda ile bado kipo chini yake, ila hutakiona mpaka mgeni anyanyuke. Kisha akaula mkate wa yule fundi mbele ya macho yake, ili, kama alivyosema, somo likae.

"Ule ulikuwa mkate wangu," alisema Taisto. "Si wa fundi. Sahani ilikuwa yangu."

"Miaka yote hii hujasamehe?"

"Ulikuwa na siagi."

Saimi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alikuwa hajacheka ndani ya chumba kile tangu Machi ile, na alipotambua hivyo kicheko kikamwishia, akainama kufuta meza ambayo haikuwa chafu. Taisto aliona. Akaanza kukagua bisibisi yake.

Kunakili kuliisha jua likiwa bado lipo. Hakuna faili lililokataa. Taisto alishusha pumzi, akasimama, akanyoosha mgongo, akatazama juu kama mtu anayeweza kuona sauna kupitia sakafu. Jiko lingekuwa limeshika sasa. Alipeleka kidole kwenye swichi ya kompyuta.

"Namba kwanza," alisema Saimi.

Hiyo pia ilikuwa desturi, na ilikuwa ya Urho. Hakuna diski iliyozimwa wala kutobolewa mpaka mmoja asome kwa sauti diski kuukuu imejaa kiasi gani, mwingine asome mpya, na namba zisalimiane. Taisto alisema haina haja, ameona kwa macho yake hakuna kosa. Saimi alikuwa ameshaandika amri.

"Kuukuu, gigabaiti thelathini na moja," akasoma.

Taisto akainama kutazama. "Mpya, ishirini na mbili."

Namba hazikusalimiana. Kwa kawaida hutofautiana kidogo, chembe tu, kwa kuwa zile folda za uongo hazina uzito. Hapa zilikosekana gigabaiti tisa. Taisto alisema ni takataka za muda. Saimi alimwambia Urho hakuwa mchafu kiasi hicho, akaipima folda ya takataka, akakuta haina hata robo ya gigabaiti. Akapima folda nyingine zote za diski ile, moja moja, akazijumlisha. Ishirini na mbili. Diski inasema nimebeba thelathini na moja, folda zake zinasema ishirini na mbili, na hakuna aliye tayari kukiri zile tisa zimelala wapi.

Diski ikagonga, safari hii kwa nguvu, ikakaa kimya muda mrefu kabla ya kurudi. Taisto alirudisha kidole kwenye swichi.

"Usiizime," alisema Saimi.

"Diski ikifikia hapa husema uongo. Namba zake si za kuaminika."

"Taisto, usiizime."

Taisto aliondoa mkono. Kisha, kwa kuwa lilikuwa jambo zito kwake, alilisema akiwa ameitazama drili. "Najua unachofikiria. Tulishatafuta, Saimi. Wiki nzima. Nilikuwa napanda ngazi hizi nakuacha umekaa hapo na miwani ya Urho mkononi. Sitaki kukuona tena hivyo. Ikiwashwa kesho haitawaka, na sawa, isiwake. Twende tukaoge."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumpa, na Saimi aliona haya kwa kutomjibu vizuri. Alimwambia tu anywe kahawa kidogo, dakika chache, afikiri. Taisto akaketi kwa hasira ya mpole. Akanyoosha mkono, akainua sahani ya juu, akatwaa kipande cha mkate.

Saimi aliitazama ile sahani iliyokuwa hewani mkononi mwake. Halafu akatazama mkate.

"Diski ya nje imechomekwa wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kwenye mnt. Siku zote."

"Na mnt tumeiruka."

"Siku zote tunaira..." Taisto hakumaliza. Alishusha sahani polepole sana, kama inayoweza kulipuka.

Saimi aliandika amri ya kumtoa mgeni, na kile kisanduku cheusi kikaacha kunguruma. Kisha akaifungua folda ya mnt ambayo kwa sheria zote za kazi yao ilipasa kuwa tupu. Haikuwa tupu. Ndani yake kulikuwa na folda moja, na jina lake lilikuwa saimi, kwa herufi ndogo, jinsi Urho alivyokuwa akiandika kila kitu.

Aliifungua. Tarehe zilianza Novemba, siku chache baada ya mzee wa msumeno, zikashuka asubuhi kwa asubuhi mpaka Machi.

Alitaka kulia na hapakuwa na nafasi ya kulia, maana diski iligonga tena na skrini ikaganda. Taisto alikuwa ameshafungua kidirisha cha ukutani. Theluji iliyorundikana nje ilianguka ndani kwenye sakafu. Akaizoa kwa mikono miwili, akaijaza kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa wa viazi, akaufunga fundo na kuuegemeza kwenye ubavu wa diski, akaushikilia pale kama mama anayempoza mtoto homa. Vitabu havishauri hivyo. Skrini ikazinduka. Saimi akaandika amri nyingine, safari hii bila kuruka kitu, nakili folda hii, yote, sasa.

Rekodi zilianza kuvuka moja moja. Novemba ikapita. Desemba ikapita, ikikwama mara mbili. Januari ilichukua muda hadi vidole vya Taisto vikawa vyekundu, na Saimi alipomwambia wapokezane alikataa kwa pua. Rekodi kadhaa za Februari zilikataa kabisa. Moto wa sauna ulikufa huko nyuma bila mtu kuukumbuka, jambo ambalo sidhani kama limewahi kutokea Jumamosi katika ukoo ule. Rekodi ya mwisho ya Machi ilipovuka, diski ilitoa mlio mrefu mwembamba, ikazunguka kidogo, ikasimama yenyewe. Haikuwaka tena.

Taisto aliweka mfuko wa theluji sakafuni. Alichukua drili, akaitazama, akairudisha ndani ya mfuko wake na kufunga zipu. Kisha akasema anapanda kuosha vikombe. Mwanamume huyu alikuwa hajaosha kikombe tangu akiwa jeshini. Alivichukua vyote viwili, na birika, na hata sahani, akapanda akifunga mlango nyuma yake.

Saimi aliunganisha diski mpya, akawasha. Mfumo ukawaka bila tatizo, folda zake zote tupu zikiwa mahali pake. Akafungua rekodi ya kwanza.

Mwanzoni ulikuwa mngurumo tu, mfululizo, wa kitu cha umeme. Halafu Urho akakohoa, akasema, "Haya," kama alivyokuwa akisema kwa kila mzee aliyemketisha jikoni. Sauti ilikuwa ileile. Saimi hakujua alikuwa ameanza kuisahau mpaka alipoisikia.

"Haya. Saimi kaniletea hita. Huo mngurumo mnaousikia ni wake. Nilimwambia sisikii baridi, nikadanganya, na yeye akajua, kwa hiyo akaja akachomoa sijui waya gani hapo ukutani kwa fujo zake zile, akachomeka hita, akaniwekea miguuni, akaondoka bila neno. Basi leo nina miguu ya moto. Nianzie wapi."

Saimi aliziba mdomo kwa mkono. Mbali na ya kompyuta, soketi pale ukutani ilikuwa moja tu. Alichochomoa ni diski ya rekodi, na siku ile Urho akaendelea kunasa kama kawaida, mashine ikamwekea sauti kwenye folda tupu iliyokuwa wazi. Baada ya mazishi Taisto aliondoa hita ili pasitokee moto, akarudishia waya wa diski mahali pake, na mgeni akaketi juu ya kila kitu. Saimi mwenyewe ndiye aliyezificha rekodi, kwa sababu hakutaka mumewe apigwe na baridi. Alijisikia kucheka na akacheka, machozi yakimteremka, peke yake, na lau Urho angekuwapo angeisimulia hadithi hiyo kwa kundi mpaka masikio yawaume.

Alisikiliza nyingine, akiruka huku na huku kwa uroho. Urho alisimulia ukumbi wa dansi wa wazazi wao na jinsi alivyomkanyaga Saimi mguu mara tatu, na kwamba ile ya tatu ilikuwa makusudi. Alisimulia mwaka wa theluji iliyoziba mlango wakatokea dirishani na kitanda cha mtoto. Alisema neno moja kuhusu mtoto huyo, ambaye hakukaa sana duniani, neno ambalo hawakuwahi kuambiana wakiwa wamekaa meza moja, na Saimi akasimamisha rekodi hapo, akashika ukingo wa meza, akaendelea baada ya muda. Urho hakuwa amechanganyikiwa. Hakuwa akiongea na mashine iliyozimwa. Alisema atamwekea, akamwekea.

Rekodi ya mwisho ilikuwa fupi, au hivyo ndivyo ilivyoonekana. Urho alihema zaidi. Alikuwa akieleza kuhusu boti yao ya kwanza, rangi yake, na jinsi Saimi alivyoipaka juu ya kutu bila kuikwangua, na hapo kutoka mbali, kutoka juu, sauti ya mwanamke ikaita. Ilimchukua Saimi muda kutambua ni yake.

"Urho. Kahawa inapoa."

"Nakuja," alisema Urho. Na kwa kinasa sauti, kwa sauti ya chini: "Naitwa."

Kiti kikasogea. Miguu yake ikapanda ngazi taratibu, ikipumzika katikati. Mlango ukafunguka na kujifunga. Lakini alikuwa amesahau kuzima. Hita iliendelea kunguruma, na juu yake, hafifu, kupitia sakafu, zilisikika sauti za jikoni: kijiko ndani ya kikombe, kiti kikiburutwa, yeye akisema jambo, Urho akijibu, yeye akisema jambo jingine refu zaidi, Urho akicheka. Maneno hayakusikika. Saimi aliinamisha kichwa kuyatafuta, labda ni habari za mkate, labda ni za theluji, labda hazikuwa habari zozote. Waliongea na kuongea. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka.

Kijiko kikaanguka. Hakujua kama ni cha siku ile au ni Taisto huko juu na vikombe vyake. Akainua macho kutazama dari, akasikiliza pande zote mbili.

Mlango wa juu ukafunguka kidogo. "Saimi," alisema Taisto, kwa uangalifu, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. "Nimetengeneza nyingine. Inapoa."

"Nakuja," alisema Saimi.

Alifuta uso kwa mkono wa sweta, akasimama, akasogeza kiti. Rekodi aliiacha inaendelea, wawili wale wakizungumza jikoni kwao, akashika ukuta, akapanda ngazi.